Mlima Mmoja, Mikoa Mitatu

Giakanja, Jumapili, baada ya chai

Kagendo, mama,

Habari za sweta, sabuni na vidonge vya malaria utazipata kwa dada yako Wanjiru, ambaye tangu juzi analifunga sanduku lako na kulifungua tena. Mimi simo. Mimi nina hasira, na mwenye hasira akifunga sanduku huvunja vikombe. Nimejifungia jikoni. Wageni bado wako uani wanamalizia chai, na kupitia ufa wa mlango namsikia baba yako mkubwa Ndiritu akiwaeleza watu Kenya inaishia wapi. Kwa hesabu yake inaishia Isiolo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokutana kwayo mimi na baba yako. Yeye alikuwa na Kikuyu chake, mimi Kimeru changu, na katikati tukaweka Kiswahili kibovu cha Nanyuki, tukaishi ndani yake mpaka alipofariki. Kikuyu nimejifunza, lakini nikikasirika hunitoroka. Kiswahili hakinitoroki.

Acha niyaandike yaliyosemwa leo, maana kesho yatasimuliwa vingine. Mzee wa kanisa alikuombea safari ya kwenda kufundisha Marsabit, watu wakasema amina. Hata amina haijapoa, Ndiritu akasimama na kikombe chake mkononi.

"Msichana wetu amepata kazi, tunashukuru," akasema. "Lakini ati Marsabit! Huko ni wapi? Huko si mkoa wetu. Mimi niko na rafiki ofisini Murang'a, atambadilishia hiyo posting, afundishe hapa karibu na watu wake. Kesho apande basi ya Murang'a, amwone, maneno kwisha." Kisha akakiweka kikombe chini, nikajua linakuja jingine. "Na kama ni lazima aende huko juu, basi asifikirie iko kona ya shamba inamngojea hapa."

Wewe ukatazama viatu vyako. Mimi, unanijua, mdomo wangu haungoji ruhusa. Nikamwambia, "Shemeji, Marsabit iko Mkoa wa Mashariki. Na mimi nilizaliwa Mkoa wa Mashariki. Mtoto anaenda kwa wajomba zake. Wewe wasiwasi yako ni gani?" Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Ndiritu hakucheka. Lakini kilichoniuma ni kwamba hata wewe hukucheka.

Kesho asubuhi pale Nyeri mjini kutakuwa na mabasi mawili. Moja linapanda Nanyuki, na kutoka hapo utatafuta gari la Isiolo na la kuendelea mbele. Jingine linateremka Murang'a. Sijui utapanda lipi. Hukuniambia, nami sikukuuliza mbele ya watu. Ninachotaka ni ujue anayekuambia nenda ni mtu wa namna gani, na mipaka imemtenda nini.

Nilipokuwa msichana kule Nkubu, jua lilizama nyuma ya mlima. Tuliuita Kirimaara, na niliamini ni wetu. Niliamini kwamba nyuma yake hakuna kitu, kwamba jua likishafika kule linakwenda kulala kama watu wengine. Halafu nikazunguka mlima kwa miguu na kwa lori la viazi, nikaja Nanyuki kufua mashuka ya hoteli, nikaukuta mlima umenigeuzia ubavu. Kijana mmoja aliyekuwa akileta kuni hotelini akaniona nautazama, akasema, "Huo ni Kirinyaga yetu." Nikamwambia, "Yenu ya nani? Huo ni wetu." Akakataa kwa Kikuyu, "Aca!" Tukagombana kwa ajili ya mlima kabla hatujaulizana majina. Huyo ndiye baba yako. Na hapa Giakanja aliponileta, asubuhi ya kwanza nilitoka nje nikaona jua linachomoza nyuma ya mlima uleule ambao lilikuwa likizama nyuma yake nikiwa mtoto. Nilisimama na jagi la maziwa mkononi, nikajiona mjinga sana, na nikafurahi.

Wewe ulizaliwa Nanyuki, wakati ambao Mkikuyu kama baba yako hakuvuka hata daraja bila pasi ya serikali mfukoni. Ulipokuwa bado mgongoni mwangu, Uhuru ukiwa umekaribia, walikuja mabwana wa mipaka. Wakaketi mezani wakaita watu waseme wanataka jimbo gani. Mimi nilikuwa naanika mashuka, nikaacha nikaenda kusikiliza dirishani. Wakasimama wazee wa Kikuyu wakasema hapa ni petu. Wakasimama wazee wa Kimeru wakasema kuanzia mto huu ni petu. Wakaja na wengine wakasema nyote mnadanganya, sisi tulichunga ng'ombe hapa kabla ya nyinyi wote, na hao hawakuwa wakidanganya. Karani mmoja akaniona pale dirishani na mtoto mgongoni. "Na wewe mama, uko upande gani?" Watu wakageuka.

Hapo ndipo ningesema. Ningesema mume wangu ni wa huku, mimi ni wa kule, na huyu mgongoni ni wa hapa katikati, sasa niambieni mnatukata na msumeno gani. Nilikuwa nayo yote kooni. Badala yake nikasema, "Mimi niko upande wa mashuka, hayajakauka." Wakacheka, nikacheka nao, nikarudi kwenye kamba yangu. Baba yako aliposimuliwa alisema nilijibu vizuri. Sikujibu vizuri, Kagendo. Nilipewa nafasi ya kusema mara moja katika maisha yangu nikaitumia kuchekesha wanaume, na leo nimefanya vilevile mbele ya Ndiritu. Ndiyo maana naandika.

Basi wakakata. Jioni tulilala Mkoa wa Kati, tukaamka Bonde la Ufa, na sikuwa nimehamisha hata sufuria. Ukitoka Nanyuki kidogo upande wa jua kuchomoza, uko Mashariki. Ukiteremka huku kwetu Nyeri, uko Kati. Mlima ulioipa nchi jina lake, nchi ikaushukuru kwa kuugawa mara tatu. Nakumbuka ulivyokuja na ramani kutoka shule, umepaka mikoa rangi, ukaniuliza kwa nini Mkoa wa Kati unafunikwa na kidole gumba na Mkoa wa Mashariki umetambaa kutoka Ukambani mpaka Uhabeshi. Nilikuambia nenda kateke maji. Sikuwa na jibu. Bado sina. Nani aliwaona Mmeru wa Nkubu mwenye migomba yake na mfugaji wa Marsabit mwenye ngamia wake akasema hawa ni nyumba moja, lakini Mmeru na Mkikuyu wanaokunywa theluji ya mlima mmoja ni nyumba mbili? Sisemi alikosea. Labda aliona kitu. Ila hakuja kutuambia aliona nini.

Na usidhani rangi za ramani zinabaki kwenye ramani. Mwaka haukuisha, jirani yetu wa Nanyuki, mama tuliyekuwa tukiazimana chumvi, akaniambia huku akichambua mboga, wala hakuinua macho, "Nyinyi si mna mikoa yenu? Mbona hamwendi?" Baba yako akasema twende kwetu kabla hatujaambiwa na mtu mwenye panga. Tukaja Giakanja. Hapa nikaitwa Mmeru. Dukani, kanisani, kwenye foleni ya kahawa: "yule Mmeru." Nikasema basi, nitakwenda kwetu hasa, nikakubeba nikaenda Nkubu kumwona mama yangu, yule uliyebeba jina lake. Kaka yangu akanipokea vizuri, akanichinjia kuku, na tulipokwisha kula akasema, "Utarudi lini kwa Wakikuyu wako?"

Nimeambiwa nirudi kwetu katika mikoa mitatu, mama. Yote mitatu. Na nakwambia kwa kichwa hiki changu kigumu: sikurudi. Kila mahali niliposimama nilisema hapa ndipo kwetu, na kama kuna mtu ana neno, alilete tulijadili. Serikali ina PC wa mkoa, ina DC wa wilaya, ina DO wa tarafa, ina chifu wa lokesheni na msaidizi wake, na chini kabisa ya wote hao niko mimi na jembe langu, na jembe langu halijawahi kugonga mstari wowote ardhini. Linagonga mawe na mizizi.

Sasa nije kwa matoka, maana najua hadithi yake umeisikia kwa Ndiritu tu, na yeye huisimulia akiwa ameshiba.

Unayajua matoka, yale maua meupe yenye kitunguu ambayo watu wa hapa hupanda mpakani mwa mashamba. Anayeyang'oa amelaaniwa, na hakuna mtu wa huku kwetu Tetu, hata aliyebatizwa mara mbili, atakayeyagusa. Baba yenu alipofariki hatukuwa na matoka kati yetu na Ndiritu. Babu yenu aliwagawia wanawe shamba kwa kunyoosha bakora, kutoka mti ule wa muiri mpaka jiwe la mtoni, na ndugu wawili hawakuhitaji zaidi ya hiyo. Lakini mazishi yalipopita mahindi ya Ndiritu yakaanza kutembea. Msimu huu mstari mmoja upande wangu, msimu ujao mwingine. Nikimwuliza, "Ah, mama, ni ng'ombe walivuruga."

Siku moja nikasema yatosha. Mchana kweupe, watu wakipita kwenda sokoni, nikachukua vitunguu vya itoka kutoka shamba la kanisa nikaanza kupanda. Kutoka kwenye muiri, mbio mbio, moja kwa moja kama nashona, mpaka jiwe la mtoni. Nilikuwa nalia na kupanda, na kila niliyemwona akisimama barabarani nilimwuliza kama ana swali. Nilipomaliza nikasimama, mikono kiunoni, nikautazama mpaka wangu.

Haiya! Mawe ya mtoni yalikuwa mawili. Lile la babu lilikuwa pale mto unapokunja, chini ya chemchemi. Mimi nilishika lile la juu. Kwa hasira yangu na mikono yangu mwenyewe, nilikuwa nimemkabidhi Ndiritu chemchemi yetu.

Ndiritu akapiga mbiu, wazee wakaja. Mzee Wahome, ambaye leo alikuwa pale uani na kofia yake, akautazama mstari wangu kwa muda mrefu. "Mama," akasema, "hii kitu ulikosea mara mbili. Kwanza ni jiwe. Hiyo si kitu, kila mtu anakosea jiwe. Ya pili ndiyo mbaya. Itoka inapandwa na watu wawili. Huyu wa huku na yule wa kule, wanashika pamoja, wazee wakiona. Mtu hawezi kujiwekea mpaka peke yake." Nikamwambia, basi yang'oeni. Wazee wakatazamana. Ndiritu akatazama mbali. Nani angeng'oa? Yamepandwa vibaya, na mwanamke, na mtu wa mbali, na kwa jiwe lisilo lake, lakini ni matoka. Wakanywa uji wangu wakaenda nyumbani.

Ndiyo maana ulikua ukizunguka mpaka daraja la chini kuteka maji wakati chemchemi unaiona kutoka dirishani. Ni mimi. Si Ndiritu, ingawa nimemwachia lawama miaka yote hii kwa sababu ilimkaa vizuri. Na unakumbuka pia ni nani aliyekata mzunguko huo. Mke wake, Mama Nyambura, alianza kuweka debe la maji pale kando ya matoka, upande wake, asubuhi kabla mumewe hajaamka. Halafu akachoka kubeba, akakuita. "Wewe ruka. Mimi sikupanda haya, na bwana yangu hakupanda. Mtoto akiwa na kiu ataruka." Ukaruka. Umeruka matoka yale mara ngapi, Kagendo? Hakuna laana iliyokupata, isipokuwa lile kovu la gotini, na hilo ni la utelezi.

Sasa wewe, uliyekua ukiruka mpaka kila asubuhi na debe kichwani, ukae ukitazama viatu kwa sababu mtu mmoja amesema Kenya inaishia kwenye kizuizi cha polisi pale Isiolo!

Sitakudanganya kuhusu huko. Ni mbali, ni kukavu, na hapo nyuma watu wamepigana na serikali na wameumia. Nasikia mwenyeji wa kule akisafiri kuja huku kwetu, husema anakwenda Kenya. Ndiritu hulisimulia hilo akicheka, ati unaona, wenyewe wamekubali. Mimi silichekei. Nalijua neno hilo. Ni neno la mtu aliyeulizwa mara nyingi kwao ni wapi, mpaka akaamua kuwajibu wanavyotaka. Hao watoto utakaowafundisha watakutazama na kuuliza umetoka wapi, na watamaanisha utarudi lini. Mama zao pia. Nimelijibu swali hilo kwa matusi, kwa mzaha na kwa kunyamaza. Wewe huna haja ya kuanza na matusi.

Kuhusu kona ya shamba: ipo. Ni ile ya kwenye muiri, na mimi ndiye ninayelala juu yake. Anayetaka kuichukua aje aniinue kwanza. Hilo usilifikirie tena, nimelifikiria mimi.

Kabla sijaketi kuandika kuna jambo nimelifanya, na nataka ulisikie kwangu. Wewe ulikuwa umekwenda nyumba ya pili na dada yako. Ndiritu alikuwa ameanza tena kuwapeleka wageni Isiolo kwa maneno na kuwarudisha. Nikachukua jembe. Nikateremka, nikakuta Mama Nyambura amesimama upande wake na jembe lake, na sikuwa nimemwita. Hatukusalimiana. Akasema tu, "Hapa chini ndio njia ya chemchemi, ama?" Nikasema ni hapo. Tukachimba, yeye kwa kule, mimi kwa huku, tukashika kitunguu mikono minne tukakivuta. Kilikuwa kimenona, kilikataa kutoka, tukaanguka sote wawili matopeni, na Mama Nyambura na mwili wake wote ule. Tulicheka mpaka nikashindwa kuinuka.

Ndiritu akatuona. Alikuwa amefika Isiolo, mdomo ukabaki wazi papo hapo. Mzee Wahome akaja mpaka pale na kikombe chake, akatazama shimo. Nikamwuliza, "Mzee, tumekosea tena?" Akanywa kidogo. "Saa hii mko wawili," akasema. "Mimi naona tu njia." Akarudi kwenye kiti chake. Ndiritu ameanza kusema tena, kama unavyomsikia, lakini sauti imepungua.

Kitunguu chenyewe nimekifunga kwa gazeti nikakitia ndani ya soksi, chini kabisa sandukuni mwako. Wanjiru hajui, angekitoa. Kinavumilia ukame, kitaishi.

Ukipanda basi la Murang'a, sitakulaani, wala sitakununia zaidi ya mavuno mawili. Utakuwa mwalimu huko kama kwingine. Ila kitunguu hicho kitoe ukiache hapa kizingitini, maana Murang'a wana matoka ya kuwatosha. Ukipanda la Nanyuki, nenda nacho. Ukifika usikipande siku ya kwanza, hata ukiona mahali pazuri. Kaa. Ngoja mpaka upate jirani, mtu wa kule kabisa, wa kukuuliza utarudi lini kwenu. Mwite aje, mshike pamoja, mkipande mahali mtakapokubaliana nyote wawili, karibu na maji.

Sitakuja stendi. Ningemwambia dereva maneno, na wewe ungeona haya. Nitalala kama kawaida, nitakamua kama kawaida, na ukishaondoka nitakwenda kutazama kizingitini. Nataka nikute hakuna kitu.

Mama yako,
yule Mmeru